Mama alisema "ananiita"

Chumba kile kina viti vitatu, meza ya mbao yenye mguu mmoja uliochomekewa karatasi ili usicheze, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Ilikuwa Jumanne. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na kamba zilikuwa tupu. Mama aliyekaa mbele yetu alitoka Fizi, Kivu Kusini, na alikuwa na miaka minne kwenye makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Mambo kadhaa ya maisha yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Maneno yake sikuyagusa, na yeye mwenyewe aliniruhusu niyaandike.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, mwezi wa tatu wa mafunzo kwa vitendo. Mgonjwa alikuwa wangu, jina langu ndilo lililokuwa kwenye faili. Lakini msimamizi wangu hakujua Kiswahili, na siku hiyo aliingia, akakaa kwenye kiti changu, akanionyesha kile cha pembeni na kusema, "Wewe leo tafsiri."

Nikatafsiri. Usingizi hauji. Chakula hakipiti. Kichwa kinawaka moto. Kisha mama akasema, kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Bwana yangu ananiita. Usiku, nikiisha lala. Ananiita jina ya nyumbani."

Huyo bwana aliuawa kabla hawajavuka mpaka. Nilipotafsiri neno "ananiita", kalamu ya msimamizi ilikuwa imeshaandika: anasikia sauti. Nilitaka kumwuliza mama mambo ambayo mfiwa yeyote angeulizwa. Sauti inamjia akiwa macho au katikati ya usingizi? Inamtisha au inamtuliza? Anajua kwamba mumewe hayupo tena? Nilipofungua mdomo, msimamizi aliinua kiganja. "Tafsiri tu."

Jioni faili lilikuwa limeandikwa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, na daktari wa zamu, aliyeyapokea maelezo jinsi alivyoletewa, akamwanzishia haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo.

Mama alipotoka, msimamizi alisema maneno mawili. La kwanza lilimhusu mama: watu wa kambini wameshajifunza kwamba ukisema unasikia sauti, fomu ya kwenda ng'ambo inapita haraka. La pili lilinihusu mimi: "Ila nyinyi mnaelewana. Watu wa Amin na lugha yenu ya jeshi." Alilisema akifunga begi lake, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, wa jamii iliyotokana na askari walioletwa Uganda kutoka Sudani. Babu yangu mzaa baba alivaa sare za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambamo Idi Amin naye alianzia. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka, mama yangu alikuwa binti mdogo, akabebwa na wazazi wake hadi Sudani pamoja na nusu ya mtaa, na waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta nyumba yao haina bati wala fremu ya mlango. Amin alipopindua nchi mama yangu alikuwa hajazaliwa. Mimi nilizaliwa miaka kumi na minne baada ya Amin kukimbia. Lakini "watu wa Amin" ni jina tunalorithi kama watoto wengine wanavyorithi shamba.

Na Kiswahili? Nyumbani tunazungumza Kinubi, na Kiswahili nilikikomaza Nairobi, nilikokwenda kusoma sekondari nikikaa kwa shangazi yangu Kibera. Niliporudi Kampala niligundua kwamba lugha niliyokuwa naiandikia insha na mashairi, hapa watu wengi bado wanaisikia kama sauti ya kizuizi cha barabarani: lugha ya askari na ya wezi. Tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Ndani ya teksi ya kwenda Bombo, ukiongea Kiswahili kwenye simu, bado kuna mtu atasogeza mkoba wake.

Nilidhani chuo cha saikolojia kingekuwa mahali ambapo mambo haya yanatazamwa usoni. Hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa: kumtazama mtu usoni bila kugeuza shingo.

Wiki mbili baadaye nilipewa fomu ya tathmini. Kwenye kipengele cha uhusiano na mgonjwa msimamizi aliandika kwamba ninajihusisha mno kihisia na wagonjwa "wa jamii yangu". Jamii yangu! Mama wa Fizi ni Mbembe na Mkristo, mimi ni Mnubi na Mwislamu. Kinachotuunganisha ni lugha tu, na hata hiyo kila mtu anaizungumza kwa namna yake. Ujuzi wa lugha ya mgonjwa, ambao popote pengine ungekuwa sifa ya mtaalamu, kwangu ulipunguza alama.

Nikaenda kusoma. Nilitaka kujua kama nimekosea, kwa sababu mwanafunzi huwa anajishuku kwanza. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watu 293 waliofiwa na wenzi wao, vijijini huko huko Wales. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumwona, kumsikia au kuhisi uwepo wa marehemu, wengine kwa miaka mingi. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Rees hakuwaita wagonjwa wa akili. Alisema ni jambo la kawaida katika kufiwa, na kwamba wengi linawasaidia.

Mjane wa Wales akimsikia mumewe, ni majonzi. Mjane wa Fizi akimsikia mumewe, ni haloperidoli. Niliisoma karatasi ile kwenye maktaba, ghorofa ya juu, mikono inanitetemeka, na sikuweza kuendelea na kitu kingine siku hiyo.

Kuna wanaosema ubaguzi wa rangi ni habari ya Wazungu na Weusi, na kwa kuwa sisi wote hapa ni Weusi hatuna cha kuzungumza. Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu. Sikubaliani nao, na sababu yangu naipata njia ya Thika, Nairobi, ambako nilipita mara nyingi nikiwa msichana wa shule bila kujua kilichowahi kuandikwa nyuma ya ule ukuta. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari iliongozwa miaka ya 1938 hadi 1950 na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau. Watu walioporwa mashamba yao wakachukua silaha, na mtaalamu akaeleza kwamba tatizo liko kwenye nafsi zao. Ushauri wake ukatumika kutetea kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ulinzi.

Carothers hakuwa mwendawazimu wala mtu wa pembeni. Alikuwa ndiye kitabu cha kusomea, na madaktari na wauguzi wa Afrika Mashariki walifunzwa ndani ya fikra hizo. Waliofunzwa wakafunza wengine. Msimamizi wangu hajawahi kumsoma Carothers, nina hakika. Lakini aliposema watu wa kambini hawaumwi ila wanatafuta fomu, alikuwa anakalia kiti kile kile: mateso yanageuzwa tabia, na tabia inageuzwa kabila. Rangi ya mkono unaoandika haijabadilisha sentensi.

Katika miaka yangu miwili ya masomo, jina la Carothers halikutajwa hata mara moja. Nililikuta mwenyewe.

Jina jingine ambalo halikutajwa linaniuma zaidi. Mwanafunzi yeyote wa saikolojia anamjua Mary Ainsworth na nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi. Kwenye mihadhara tulisomeshwa kazi yake ya London na Baltimore. Kumbe kabla ya Baltimore, miaka ya 1954 na 1955, Ainsworth alikuwa hapa hapa, kwenye vijiji vya Baganda karibu na Kampala, akitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28. Anakaa sebuleni kwa mama, anatazama mtoto akilia mama akitoka, akitulia mama akirudi. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kinatokana na sebule hizo. Mama wa Kiganda alikuwa darasa la kwanza la nadharia inayofundishwa sasa dunia nzima, na sisi tukiwa Kampala tunafundishwa kama kitu kilichofika kwa ndege.

Na Ainsworth hakujua Luganda cha kutosha. Alikuwa na msaidizi, Bi Katie Kibuka, aliyeingia naye kwenye sebule hizo na kumtafsiria. Nimemfikiria sana huyu mama. Kila alichosema mama wa Kiganda kuhusu mwanawe kilipita kwanza kinywani mwake. Lazima kuna mahali alichagua neno hili akaacha lile, akajua kwamba swali limeulizwa vibaya, akalipindisha kidogo ili mwenye nyumba asikwazike. Hiyo ni kazi ya kisaikolojia. Muulize mwanafunzi yeyote wa Kampala leo Katie Kibuka ni nani. Mimi mwenyewe nilimjua baada ya kuambiwa "tafsiri tu."

Ninataka kuwa mkweli hapa kuhusu upande wangu pia. Muhula wa kwanza tulipewa mfano wa kufanyia mazoezi: mtoto wa mtaani Kampala, Mkaramoja, wa jamii ya wafugaji wa kaskazini-mashariki mwa Uganda, ambaye hajibu maswali. Mtu nyuma akasema Wakaramoja wanajua kujibu maswali ya ng'ombe tu. Darasa likacheka. Nilicheka na mimi. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Moroto, huko huko Karamoja, aliyekaa safu ya pili, na nilimwona mgongo wake ukikaza. Hakugeuka. Mhadhiri akaendelea na somo. Ilinichukua mwaka mzima, na kiganja cha msimamizi wangu, kurudi kwa dada yule na kumwomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Nilikuhesabu." Maana yake alikuwa amehesabu waliocheka.

Yeye ndiye aliyekuja na wazo la daftari. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na kaka mmoja wa Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na tulinunua daftari la mistari la kurasa 96. Tulikubaliana kuandika tarehe, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, na kilichofuata kwenye alama au kwa mgonjwa. Hatukuandika hisia zetu. Huo ulikuwa uamuzi wake na ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu hisia zetu ndizo zilizokuwa zinatumika dhidi yetu. Kaka wa Yumbe aliandika jinsi alivyoulizwa mara tatu na watu watatu kama familia yake ina silaha. Dada wa Moroto aliandika siku aliyopewa wagonjwa wote wa Karamoja waliokuwepo wodini, kumi na mmoja, kisha akalaumiwa kwa kuchelewesha ripoti. Mimi niliandika "ananiita".

Kisa kimoja hakikuwa cha kabila hili na lile la hapa. Mradi fulani wa msaada ulileta mkufunzi kutoka Ulaya kutufundisha tiba ya kiwewe kwa siku tano. Alikuwa mtu mpole na somo lake lilikuwa zuri. Ila mazoezi yalipoanza na wakimbizi wenyewe, yeye alikuwa "mtaalamu" na sisi, wenye shahada, tulipangwa kwenye jedwali chini ya safu ya "wakalimani". Posho yetu ilikuwa ya wakalimani. Hakuna aliyeona kwamba kuna jambo la kuuliza.

Huko kwao nako hawajamaliza. Mwaka 2019, mjini Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, mkutano wa wakufunzi wa saikolojia tiba wa Uingereza uliwekewa igizo la mnada wa watumwa. Wanasaikolojia na wanafunzi Weusi walisema wazi jinsi lilivyowaumiza, na ndipo mjadala kuhusu mafunzo yenyewe ukafunguka: nani anachaguliwa kusoma, nani anasimamia nani, nani anaambiwa anajihusisha mno. Oktoba 2021 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika kukuza ubaguzi wa rangi. Niliisoma radhi ile kwa makini. Ni ndefu, na nafurahi ipo. Lakini kilichonishika ni wale wanafunzi wa Uingereza, kwa sababu mwanafunzi anaposema, anasema mbele ya mtu atakayempa alama.

Na hapo ndipo hasa ninapotaka kufika. Mihadhara yetu si mibaya. Wiki moja ya "utamaduni na afya ya akili" ipo kwenye ratiba, mwishoni mwa muhula, watu wakiwa wamechoka. Ubaguzi haukai kwenye mihadhara. Unakaa kwenye usimamizi, chumbani, watu wawili, mlango umefungwa, mmoja ana kalamu. Hapo ndipo mwanafunzi anajifunza kwamba kwa mgonjwa wa aina fulani maswali yanaweza kurukwa. Ibara ya 21 ya Katiba ya mwaka 1995 inakataza kumbagua mtu kwa rangi, asili, kabila, dini. Nimeisoma mara nyingi. Haijui kuingia kwenye chumba cha usimamizi bila mtu wa kuibeba.

Tulilibeba daftari kwa mratibu wa kozi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akarudi ukurasa wa kwanza. Akatuambia kwamba mambo kama yale ya lugha yeye pia aliyapitia alipokuwa mwanafunzi, na hakuwahi kumwambia mtu. Hatukupata kila tulichotaka. Alama yangu haikubadilishwa, na msimamizi wangu hajaniambia neno hadi leo. Lakini fomu ya tathmini sasa ina sehemu ya mwanafunzi kujibu, na jibu linasomwa na mtu wa pili. Mwanafunzi anayetafsiri anahesabiwa saa hizo kuwa saa za kliniki, na mgonjwa wake anabaki kuwa wake. Na mwaka huu Carothers aliingia kwenye somo, kwa jina lake, na Bi Kibuka, kwa jina lake. Nilialikwa kukaa nyuma kusikiliza.

Kwenye kipindi hicho mratibu aliwasomesha pia kazi iliyochapishwa mwaka 2003 kutoka vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe shida zao wanaziitaje. Wakapewa maneno mawili ya Luganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia, na kwa kuyafuata hayo ndipo wakajua nani wa kumsaidia. Vikundi viliendeshwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili, vikakutana wiki 16, na huzuni ile nzito ikapungua kwa kiasi kikubwa. Mwanafunzi mmoja mdogo aliinua mkono akauliza: kwa hiyo walianza kwa kuuliza tu? Mratibu akasema ndiyo, walianza kwa kuuliza.

Mama wa Fizi nilikutana naye tena wiki ya mwisho ya mafunzo yangu. Msimamizi alikuwa na mkutano. Dawa zilikuwa zimemfanya mzito, mdomo mkavu, na alikunywa maji niliyompa kwa mkupuo mmoja. Jua lilikuwa limetoka, mashuka yamejaa kwenye kamba. Nilikaa kwenye kiti changu.

Nikamwuliza, "Mama, akikuita, anasema nini?"

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anapima kama swali ni la faili au ni langu.

"Ananiuliza kama nimefunga mbuzi."

"Na wewe unamjibu?"

"Namujibu. Namuambia nimefunga, ulale."

Jioni ile niliandika kurasa mbili, kwa maneno yake, nikazipeleka mwenyewe kwa daktari wa zamu, nikasimama pale mlangoni hadi alipomaliza kuzisoma na kuanza kuniuliza maswali.